Ukurasa wa Kalenga

"Hiyo haibandikwi msalabani, Aroni. Hiyo ndiyo iliyomuua."

"Picha haiui mtu, Hanifa. Mtu kafa kwa figo."

"Figo zilianza lini? Si baada ya ile picha? Miaka minne mmemwandama kwa picha isiyo na rangi, leo mnataka kumsindikiza nayo."

"Aliipiga mwenyewe, mbele ya kioo. Nimeikuta kwenye begi lake la kamera. Iangalie. Uso wote uko hapo. Hiyo yako ina blauzi ya kijani na bega la mtu."

"Bega la nani?"

"La kwako. Harusi ya shemeji yako. Umejikata, bega limegoma kutoka."

Watu wakacheka, msibani pale. Hanifa akaitazama picha aliyoishika, akalikuta bega lake, akaifunika kwa khanga.

Wasikilizaji wapendwa, hapo tulikuwa Kihesa, Iringa mjini, Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimesimama karibu na masufuria. Mnanijua, penye watu wengi na maneno mengi hamnikosi. Aroni ni fundi seremala, jirani wa nyumba ya pili. Alikuwa amemaliza msalaba, anasubiri picha tu. Hanifa anauza vitambaa, jirani wa ukuta mmoja. Na aliyekuwa ndani, kwenye jeneza, ni Yusta. Yusta mpiga picha. Wengi wenu amewapiga picha za harusi, za kipaimara, za kitambulisho. Alifariki Ijumaa, hospitalini, akiwa na miaka arobaini na moja.

Mama yake, Mama Apolonia, alikuwa amekaa kwenye jamvi. Wakamgeukia. Akasema, "Wekeni ya rangi. Watu wasije wakaogopa kaburi la mwanangu."

Basi ikawekwa ya rangi. Ile ya blauzi ya kijani na bega. Nenda leo makaburini utaiona. Utaona kijani kwanza. Halafu utaona bega. Uso wa Yusta utauona mwisho, kama utakuwa bado umesimama.

Nawaambia habari ya picha kwa sababu kipindi hiki chote ni habari ya picha moja. Na katika habari hiyo mimi mtangazaji wenu nimo. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu.

Yusta alizaliwa Kihesa. Baba yake alifariki mapema, akalelewa na Mama Apolonia kwa kazi ya kushona. Alipofika miaka ishirini akaenda Mbeya, akapata kazi kwenye studio ya Mzee Muhidini, pale Mwanjelwa. Wazee wa Mzee Muhidini walitoka pwani, yeye ni wa Mbeya kwa kuzaliwa, na studio yake ilikuwa na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji. Kila mtu wa Mbeya wa umri wangu amewahi kusimama mbele ya maporomoko yale.

Nilimpigia simu Jumapili. Akaniambia hivi:

"Mimi nilimfundisha kupiga picha za paspoti. Hayo mengine alinifundisha yeye. Mteja anataka rangi, mimi nasema mpe rangi, yeye anabisha. Nikamwambia, binti, studio ni yangu. Akasema, studio ni yako, Mzee Muhidini, lakini macho ni yangu. Nilitaka kumfukuza. Nikamwongeza mshahara."

Yusta alikaa Mbeya miaka tisa, akarudi Iringa na kamera yake mwenyewe. Harusi zilimpa ugali. Lakini alichokipenda hasa ni picha za safari. Akipanda gari kutoka Mbeya kuja Iringa, alishuka njiani mahali ambapo hakuna anayeshuka. Igurusi, Chimala, Makambako. Anapiga picha, anasubiri gari lingine.

Siku moja kampuni moja ya kupeleka wageni ikampa kazi. Kitabu cha picha za safari, Mbeya mpaka Iringa, kurasa sitini, achague picha mwenyewe na apange kurasa mwenyewe. Wasikilizaji, mtu akipewa kazi ya namna ile, anabadilika hata mwendo. Kihesa nzima tulijua. Hanifa alihakikisha tumejua.

Na sasa ngoja niwaeleze alivyofanya kazi, maana ndipo mambo yote yalipoanzia.

Alisafisha picha ndogo ndogo, za ukubwa wa kiganja. Kila moja mara mbili, moja ya rangi, moja nyeusi na nyeupe. Kisha anazitandika sakafuni, chumba kizima. Mama Apolonia anasema, "Alikuwa anazianika kama mpunga. Nataka kwenda jikoni, sina pa kukanyaga. Nasimama mlangoni naita, Yusta, nipishe. Ananiambia, mama, ruka Mufindi."

Na akishazitandika anaita watu. Hakuchagua. Muuza mkaa, mwalimu, mlevi. Hanifa aliitwa akiwa na unga mikononi.

"Aliniuliza, dada Hanifa, hapa unaona nini kwanza? Ilikuwa picha ya mwanamke sokoni Mwanjelwa. Nikasema, naona ndoo ya bluu. Akaiondoa. Kesho yake ananiita tena, picha ile ile, haina rangi. Unaona nini? Nikasema, naona huyu mama amechoka. Akafurahi huyo. Akasema, hiyo imeingia kitabuni."

Ndiyo ilikuwa kanuni yake. Kama rangi ndiyo iliyokufanya ushuke garini, iache. Chai ya Mufindi aliiacha na kijani chake, alisema ukiitoa rangi inabaki kama kichwa cha mtu ambaye hajachana nywele. Kama rangi inapiga kelele kuliko mtu, itoe. Nguzo za mawe za Isimila akazitoa rangi, zikabaki vivuli na mikunjo, ukaona zilivyo ndefu. Na kurasa mbili zinazotazamana hakuwahi kuzichanganya. Alisema jicho likifungua kitabu linakimbilia kwenye rangi, ya jirani inabaki na njaa.

Sasa tuingie Kalenga.

Kalenga kulikuwa na bibi mmoja, Bibi Anjela. Mkulima wa vitunguu na nyanya, mjane, mwimbaji wa kanisani mwenye sauti nzito ya kiume. Yusta alimkuta mlangoni kwake anachambua maharage. Bibi alikuwa amevaa fulana ya njano ya kampuni ya simu, waliyogawiwa kwenye mkutano, na kifuani imeandikwa namba ya kupiga ukipata shida. Yusta akamwomba abadilishe. Bibi akakataa. Akasema, "Hii ndiyo mpya. Zile nyingine ndizo ulizotaka?"

Yusta akampiga hivyo hivyo, na fulana. Kisha Bibi Anjela akampakulia kande, wakala pamoja pale mlangoni. Hilo la kande lishikeni.

Ile picha ya rangi ilikuwa tangazo la simu lenye kichwa cha bibi juu. Ile isiyo na rangi ilikuwa Bibi Anjela. Macho, mikunjo, vidole, ungo. Yusta akaipa kurasa mbili peke yake. Ukurasa wa kulia uso. Ukurasa wa kushoto mweupe mtupu, na katikati maneno matatu madogo. Bibi Anjela, Kalenga.

Wasikilizaji wapendwa, mmeshaelewa. Huku kwetu picha ya mtu ikija kwenye simu haina rangi, na chini ina jina na mahali, hakuna anayeuliza. Tunaandika "poleni sana" halafu tunatuma kwa wengine. Yusta alikuwa mtu wa huku huku. Lakini alikuwa ameishi na picha zile sakafuni miezi minne, kwake nyeusi na nyeupe lilikuwa jicho. Hakukumbuka kwamba kwetu sisi ni tangazo la msiba.

Kampuni ikatuma kurasa chache kwa watu wake, waone kazi inavyokwenda. Mtu mmoja akaupenda ukurasa wa Kalenga, akautuma kwa mwingine. Mwingine akautuma kwenye kundi la Wasapu la watu wa Kihesa. Pale mtu akaandika, "Jamani Bibi Anjela wa kwaya?" Ikawa imekwisha.

Ikanifikia mimi.

Hapa kituoni tuna utaratibu wa matangazo ya vifo. Aje ndugu, au ije barua ya mwenyekiti. Utaratibu huo upo ukutani, nyuma ya kiti ninachokalia sasa hivi. Siku ile sikumngoja ndugu wala barua. Nilikuwa na picha kwenye simu, na nilitaka kuwa wa kwanza. Nikasoma. Na kwa kuwa matangazo yote huishia hivyo, mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasema mazishi yatafanyika kesho, huko huko Kalenga.

Hilo la mazishi halikuwa kwenye picha. Halikuwa popote. Lilitoka kwangu.

Kesho yake asubuhi Bibi Anjela alikuwa mtoni anamwagilia vitunguu. Akarudi na ndoo yake, akakuta wanawake uani kwake wanalia. Makochi yameshatolewa nje. Mikeka imetandikwa sebuleni. Kuni, unga, sufuria za kanisa. Akawasalimu, "Kamwene." Hakuna aliyeitikia. Akauliza, "Nani kafa?" Wengine wakakimbia wakaacha viatu. Mmoja akaanguka juu ya kochi.

Watu waliicheka hiyo habari mwezi mzima. Na mimi nilicheka, hewani humu humu.

Ambaye hakucheka ni Jofrey. Jofrey ni mtoto pekee wa Bibi Anjela. Alikuwa Makongolosi, kule Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Alinisikia kwenye simu ya mwenzake. Akaondoka na nguo za kazi. Nafasi yake shimoni ikachukuliwa na mtu mwingine, hakuipata tena. Alipofika Mbeya akasubiri basi, na karibu na stendi kulikuwa na kinyozi. Akafikiri mazishi yatakuwa yameshapita, akanyoa kichwa chote, kama kwao wanavyonyoa mtoto akifiwa na mzazi.

Akafika Kalenga na upara. Mama yake akamtazama kichwa. Jofrey anasema mama hakumsalimu. Alisema neno moja tu, "Umeninyolea." Akaingia ndani.

Bibi Anjela aliishi miezi mitano tena. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, daktari aliandika hivyo. Lakini wewe nenda kawaambie watu mapafu. Walisema aliitwa. Walisema Yusta alimwita kwa picha. Wazazi wakaanza kumwomba asiwapige picha watoto. Maharusi wakamwambia apige ya rangi tu, na aoneshe kila moja kabla ya kuondoka. Ile kampuni ikatoa kitabu chake, rangi mwanzo mpaka mwisho, nguzo za Isimila zimekuwa kama mihogo iliyomenywa vibaya. Ukurasa wa Kalenga haupo. Jina la Yusta halipo.

Na msiba wa kweli wa Bibi Anjela ulipotokea, Yusta alikwenda Kalenga. Kila mtu alimwambia asiende. Akaenda na mafuta ya kupikia. Wanawake wakampakulia kama wanavyompakulia mtu yeyote. Ameshanawa, ameshika sahani. Jofrey akaja, akaichukua ile sahani mkononi mwake. Akasema, "Wewe hapa huli."

Mbele ya watu, wasikilizaji. Kwenye ua ule ule wa kande.

Alirudi Kihesa kwa miguu. Mama Apolonia alimwona anaingia getini na viatu mkononi. Mama anasema, "Alikuwa na njaa. Nilimpakulia. Alikula huku amesimama, kama anayeogopa kunyang'anywa."

Wiki iliyofuata Yusta alikuja hapa kituoni. Aliomba dakika tatu. Aeleze tu picha ilikuwa ya nini, na habari ya mazishi ilitoka wapi. Alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi. Nilitoka, nikamshika bega, nikamwambia, dada yangu, acha kwanza mambo yapoe. Alinitazama akasema, "Yapoe kwa nani?" Nikacheka. Nina kicheko kizuri, mnakijua. Akaondoka. Hakurudi.

Nilishawahi kusahihisha lile tangazo, ndiyo. Sentensi moja, katikati ya matangazo ya mbegu na saruji. Nilisema, "Chanzo cha taarifa ile kilikuwa picha." Ndivyo nilivyosema. Picha. Sikusema mimi. Na watu wakiambiwa picha, wanamtafuta mpiga picha.

Jumanne wiki hii, kesho yake ya mazishi ya Yusta, nilikwenda Kalenga. Nilitaka maneno ya Jofrey kwa ajili ya kipindi hiki. Nitawaambia ukweli, nilitaka aseme kitu kikali kidogo, kipindi kinoge. Akanikaribisha sebuleni, hakunikaribisha kukaa.

Ukutani ilikuwepo. Bibi Anjela, macho, vidole, ungo. Nyeusi na nyeupe, kwenye fremu ya mbao, kioo kimefutwa vumbi asubuhi hiyo.

Nikamuuliza, "Hii si ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na umeitundika."

"Nitundike ipi? Mama ana picha tatu. Moja ya kitambulisho, amefumba jicho. Moja ya kwaya, kasimama nyuma ya mtu mnene. Na hiyo."

Halafu akasema jambo ambalo ndilo nililokuja kuwapa leo.

"Aliichagua mwenyewe. Yule dada alimletea zote mbili kabla ya kupanga kitabu, ya rangi na hiyo. Mama akaishika hiyo. Akasema ile nyingine watu watasoma namba ya simu. Aliniambia mwenyewe, kabla hajaugua."

"Ulijua hivyo siku ya msiba? Siku ya sahani?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Jofrey akapitisha mkono kichwani. Ana nywele nyingi sasa, zimeanza mvi. "Nilikuwa nimenyoa mama yu hai. Wewe ungembebesha nani? Ningekubebesha wewe? Wewe nilikuwa nakusikia tu, huna uso. Yeye alikuja na miguu yake."

Wasikilizaji wapendwa, narudia ili asiwepo wa kusema hakusikia. Yusta hakumuua mtu. Yusta alimpiga picha Bibi Anjela. Akampelekea picha mbili. Bibi Anjela akachagua ile isiyo na rangi, kwa akili yake timamu, na sababu yake ilikuwa sahihi. Aliyetangaza kifo ni mimi. Aliyetunga mazishi ni mimi. Picha haikusema chochote. Tuliisemea.

Kwa Mama Apolonia, kwa majirani wa Kihesa, kwa Mzee Muhidini kule Mbeya aliyeniambia amefunga studio siku tatu, poleni. Neno poleni ni dogo, lakini ndilo mlilostahili kulisikia kutoka humu miaka minne iliyopita. Na kwenu mnaonisikiliza, kabla ya kuituma picha ya mtu, mpigieni simu mwenye picha. Kama ataipokea, msalimieni, mwulizeni amekula nini. Na kama kuna mtu mliyemwambia asubiri mambo yapoe, mfuateni leo. Mimi wangu nimemfuata makaburini.

Lakini siondoki hapo. Jana ilikuwa siku ya kumaliza msiba pale Kihesa. Uani palijaa. Hanifa anagawa chai, Aroni anakunja viti, wameshaanza kubishana tena, safari hii habari ya turubai. Nikamwona Jofrey. Amesimama nje ya geti, kitu bapa kwapani, kimefungwa kwenye gazeti. Ile fremu. Alikuwa amekuja kuionesha, ili watu wajue. Ila mguu hauvuki. Anajua alichokifanya kwenye ua wake, anaogopa ua wa wenzake.

Mama Apolonia akamwona. Akainuka, akapakua sahani mwenyewe, ugali, maharage, nyama mbili. Akaipeleka mpaka getini. Watu wakaacha walichokuwa wakifanya. Hata Hanifa.

Jofrey akaanza, "Mama, nimekuja kuomba..."

"Sijafika huko," Mama Apolonia akasema. "Kusamehe sijafika, usinikimbize. Shika sahani. Hapa kwetu mtu anakula."

Jofrey akaishika kwa mikono yote miwili, na fremu kwapani, akapita. Alikula amekaa chini, peke yake, machozi yanaingia kwenye mboga.

Mimi nilikuwa nimebaki nyuma ya nguzo ya geti. Sikuwa nimetaka kuonekana, kitu ambacho wanaonijua hawataamini. Mama Apolonia hakuondoka pale getini. Alinitazama muda mrefu.

"Na wewe wa redio. Mwanangu alikaa kwenye benchi lenu siku nzima."

"Ndiyo, mama."

"Utasema?"

"Nitasema."

"Utasema ni wewe, au utasema ni picha?"

"Nitasema ni mimi."

"Lini?"

"Kesho, saa kumi."

Akafuta mikono kwenye khanga. Akasogea kidogo, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Basi ingia ule. Kinapoa."